Kupitisha sheria sio kumwambia mtu

Mwaka 2016 nilipoanza kazi ya kea, ya kutunza wazee, hapa Leicester, Uingereza, nilipangwa shifti na mama mmoja wa Kiingereza, wakati ule ana miaka 62, mwembamba, goti la kulia kalifunga bandeji ya kubana kila siku ya Mungu, na kazi yenyewe ni ile mnayoijua wote mliopita huku, kuamsha wazee, kuwaogesha, kuwageuza kitandani, kuwahamisha kwa hoisti, ile mashine ya kumnyanyulia mtu, mpaka kwenye kiti, masaa kumi na mbili umesimama. Mmoja wa mabibi tuliokuwa tunawaogesha alikuwa kamzidi yeye miaka minne tu. Siku moja wakati wa chai nikamuuliza, kwa heshima zote, mama kwani wewe unastaafu lini. Hakunijibu. Alienda kwenye kabati lake la nguo akarudi na barua imekunjwa mara nne, mikunjo imeshaanza kutoboka kwa kufunguliwa, akainyoosha mezani kwa kiganja kama mtu anayepiga pasi, akaniwekea kidole kwenye tarehe. 6 Septemba 2019. Barua yenyewe ilikuwa ya 2012.

Alianza kazi 1969 akiwa na miaka 15, kiwanda cha soksi, humuhumu Leicester, na tangu siku hiyo anajua kama anavyojua jina lake kwamba mwanamke anapata pensheni ya serikali akifika 60. Mama yake alipata 60. Shangazi zake 60. Yeye barua ikamkuta ana 58, imebaki miaka miwili, imemwambia ni 65 na nusu.

Nataka niandike kuhusu hawa wamama waliosogezewa umri wa pensheni kwa sababu wengi wetu tuliokuja huku tunawaona tu kwenye taarifa ya habari wamevaa zambarau nje ya Bunge, alafu tunasema hawa nao wanalilia nini, si wana pensheni, si wana nyumba. Na mimi nilikuwa nasema hivyohivyo.

60 ilitoka wapi? Pensheni ya serikali Uingereza ilianza kulipwa Januari 1909, shilingi 5 kwa wiki, kwa wenye miaka 70 na kuendelea na maskini tu. Sheria ya 1925 ikaleta pensheni ya kuchangia na umri ukashuka 65. Miaka ya thelathini wanawake wasioolewa wa kule kaskazini, viwandani, wakaanza kupiga kelele, na aliyewaongoza ni Florence White wa Bradford ambaye 1935 alianzisha chama chao wakadai wapewe wakifika 55, maana viwanda vilikuwa vinawatema wakishachoka na hawana mume wa kuwalisha. 55 hawakupata. Mwaka 1940 Bunge likashusha umri wa wanawake wote hadi 60, na sababu nyingine ilikuwa ya nyumbani kabisa, kwamba wake kwa kawaida ni wadogo kwa waume zao, kwa hiyo mzee akifika 65 mkewe bado hajafika na nyumba nzima inaishi kwa pensheni ya mtu mmoja. Basi 60 ikakaa miaka sabini. Watoto wakazaliwa humo, wakaanza kazi humo, wakazeeka humo.

Novemba 1993 waziri wa fedha Kenneth Clarke akatangaza kwenye bajeti kwamba wanawake watasogezwa wawe sawa na wanaume, na sheria ikapita 1995. Ilikuwa ya polepole kwa kweli, ianze Aprili 2010, kidogo kidogo, ifike 65 Aprili 2020. Mtu aliyeiandika alifikiri kuwapa watu miaka 15 ya kujiandaa, na kwa maandishi ni nzuri. Alafu 2011 serikali ya mseto ya waziri mkuu Cameron, nchi ina madeni baada ya benki kuyumba, ikaharakisha, 65 ifike Novemba 2018 badala ya 2020 na baada ya hapo 66 ifike Oktoba 2020 kwa wote, wanaume kwa wanawake. Pendekezo la kwanza lingewaongezea baadhi ya wanawake miaka miwili mizima juu ya ile ya 1995, kelele zikapigwa, wakapunguza ikawa mwisho miezi 18.

Hapa ndo watu wanapotea kwa sababu ni tarehe juu ya tarehe, kwa hiyo chukua wanawake wawili tu. Sema ni ndugu. Mkubwa kazaliwa katikati ya Machi 1953, mdogo katikati ya Machi 1954, wamepishana mwaka mmoja, wamesoma shule moja, wameingia kiwanda kimoja. Mkubwa sheria ya 1995 ilimpa 6 Machi 2016 na ile ya 2011 haikumgusa kwa sababu ilianzia waliozaliwa Aprili 1953. Mdogo sheria ya 1995 ilimpa 6 Machi 2018, ikaja ya 2011 ikambeba mpaka 6 Septemba 2019. Mwaka mmoja wa kuzaliwa umegeuka miaka mitatu na nusu ya kusubiri. Ukipiga hesabu kwa kiwango cha msingi cha 2016 tu, pauni 119.30 kwa wiki, ni wiki 182, ni kama pauni 21,700. Ni kweli huyu mdogo aliangukia kwenye pensheni mpya iliyoanza Aprili 2016 ambayo kiwango chake kamili ni kikubwa zaidi, lakini ukiwa na miaka 62 na goti bovu hiyo ya mbele haikulipii kodi ya nyumba ya mwezi huu.

Na yule mama wa kwenye shifti yangu ndo huyo mdogo. Machi 1954, kabisa kwenye lile dirisha lililopigwa miezi 18 yote.

Sasa swali ambalo mimi naona ndo lenyewe, na kila nikibishana na mtu nalirudia hili: waliambiwa lini? Maana mimi sina ugomvi na usawa. Watu wanaishi miaka mingi zaidi, pesa lazima zitoke mahali, na hata WASPI wenyewe, ile kampeni ya wanawake watano iliyoanza 2015 ikaja kuwa kubwa hivi, hawapingi umri kuwa sawa. Wanachosema ni kwamba hamkutwambia. Sheria ilipita 1995 na serikali haikuwaandikia wanawake barua mmoja mmoja mpaka Aprili 2009. Miaka kumi na nne! Kabla ya hapo kulikuwa na vipeperushi, matangazo, na mtu akiomba mwenyewe makadirio ya pensheni anapewa, yaani wewe ambaye hujui kama kuna kitu kimebadilika unatakiwa uende kuuliza kama kimebadilika. Barua za 2009 zikaanza na waliozaliwa 1950 kuja mpaka mwanzoni mwa 1953, alafu Machi 2011 zikasimamishwa kwa sababu sheria nyingine inakuja. Waliobaki wakaanza kuandikiwa 2012 na 2013. Kwa hiyo wapo ambao barua yao ya kwanza kabisa iliwaletea mabadiliko mawili kwa mpigo, la 1995 na la 2011, wana miaka 57, 58, 59.

Mtu wa miaka 58 afanye nini na taarifa hiyo? Nauliza kwa nia njema. Wengine walikuwa wameshaacha kazi kumuuguza mama mzazi au kumlea mjukuu ili binti arudi kazini, wamepiga hesabu akiba iwafikishe 60, wengine wamekubali kupunguzwa kazini kwa malipo kidogo kwa kuwa wanajua imebaki miaka miwili tu, wengine wametalikiana na kwenye kugawana mali hesabu zilifanywa kwa 60. Uamuzi wa namna hiyo ukishaufanya huwezi kuurudisha. Kazi uliyoiacha ukiwa na 56 hairudi ukiwa na 59, tujuane hapo.

Ombudsman wa Bunge, yule anayechunguza malalamiko ya wananchi dhidi ya serikali, aliichunguza kesi hii miaka na miaka. Julai 2021 akasema wazi kwamba wizara ya kazi na pensheni ilikosea kiutendaji, kwamba ilipoona utafiti wa 2004 ilitakiwa ichukue hatua na barua zingeanza Desemba 2006, kwa hiyo kuna ucheleweshaji wa miezi 28. Machi 2024 akatoa ripoti ya mwisho akapendekeza fidia kati ya pauni 1,000 na 2,950 kwa mtu. Naomba tuelewane, hiyo sio kurudishiwa pensheni iliyopotea, Ombudsman mwenyewe alilitenga hilo, ni fidia ya kunyimwa nafasi ya kupanga maisha yako ukiwa na taarifa sahihi. Kwa mama wa pauni 21,000 na kitu anaambiwa chukua 2,000. Na bado wengi walisema sawa, leteni, angalau mtu amekiri.

Desemba 17, 2024 waziri wa kazi na pensheni Liz Kendall akasimama bungeni akasema serikali inaomba radhi kwa miezi 28 lakini fidia hakuna. Hii ni serikali ya chama kilekile cha Labour ambacho kwenye uchaguzi wa 2019 kiliahidi kutenga pauni bilioni 58 kwa ajili ya hawa wamama, na viongozi wake wakiwa upinzani walisimama nao wakapiga picha wameshika mabango. Novemba 2025, wiki chache kabla kesi ya WASPI haijasikilizwa Mahakama Kuu, serikali ikasema itaupitia upya uamuzi kwa kuwa kuna ripoti ya 2007 iliyopatikana ambayo haikuwa mbele ya waziri. Watu wakapata matumaini. Januari 2026 waziri mpya Pat McFadden akarudi na jibu lilelile.

Kuna sababu tatu zilizotolewa ile 2024, na hii ya kwanza ndo nataka nikae nayo. Walisema utafiti wa 2006 unaonyesha asilimia 90 ya wanawake wa rika hilo walijua umri wa pensheni unapanda. Ukiisikia haraka haraka unasema basi, kumbe walijua. Lakini ngoja. Kujua kwamba umri wa pensheni wa wanawake unapanda ni jambo moja, kujua kwamba WA KWAKO umepanda na ni lini ni jambo lingine kabisa. Utafiti wa wizara yenyewe wa 2004, huohuo aliouchukua Ombudsman kama ushahidi, uliwauliza walioguswa na sheria wataje umri wao, na asilimia 43 tu ndo waliweza kusema 65 au kati ya 60 na 65. Yaani zaidi ya nusu hawakujua la kwao. Mimi najua bei ya umeme imepanda, kila mtu anajua, lakini bili yangu sijui mpaka waniletee. Na unapanga bajeti ya nyumba kwa bili yako, hupangi kwa taarifa ya habari.

Alafu fikiria hilo tangazo lenyewe linavyosikika kwa mtu wa miaka 48 mwaka 2004 yuko jikoni anapika, redio inasema umri wa kustaafu wa wanawake utapandishwa. Kawaida ya binadamu anadhani ni kwa watoto wake. Sheria nyingi za pensheni zinawaacha walio karibu na mlango, zinaanza na walio mbali, kwa hiyo kudhani hivyo sio ujinga hata kidogo.

Sababu ya pili walisema hata barua zingetumwa mapema zisingesaidia sana maana ni mtu mmoja kati ya wanne tu anayekumbuka kupokea na kusoma barua ambayo hakuitegemea. Hii iliniumiza kuisikia. Hapa Uingereza serikali inafanya kila kitu kwa barua, kodi ya kaunsili barua, kipimo cha mlango wa kizazi barua, faini ya spidi barua, na ukisema hukuisoma ile ya faini hakuna atakayekuelewa. Sasa barua inayomdai mwananchi ina nguvu ya kisheria alafu inayomlinda inasemwa haina faida? Yule mama barua yake ya 2012 aliitunza kabatini miaka minne. Wa namna hiyo asingesoma ya 2006?

Ya tatu ni pesa, mpaka pauni bilioni 10.5 ukiwalipa wote watu milioni tatu na nusu na ushee kwa kiwango cha juu. Hapo nakubali ni mzigo na hospitali zinahitaji hela. Lakini Ombudsman hakufunga mlango wa kulipa kwa viwango tofauti, na wangeweza kuanza na waliogongwa zaidi, wale wa miezi 18, wale waliokuwa wameshaacha kazi. Kutoka bilioni 10 mpaka sifuri kuna vituo vingi vya kushukia katikati, wao wamechagua sifuri.

Kuna hoja ya usawa pia ambayo majaji waliitumia. Mahakama Kuu 2019 na Mahakama ya Rufani 2020 zilikataa kesi ya kundi lingine, BackTo60, zikasema huu sio ubaguzi kwa sababu sheria imeondoa upendeleo wa zamani kwa wanawake. Kisheria naielewa. Ila hebu angalia maisha ya kazi ya mtu aliyezaliwa 1954. Anaanza kazi 1969, sheria ya malipo sawa imepita 1970 lakini imeanza kufanya kazi mwishoni mwa 1975, kwa hiyo miaka yake sita ya kwanza ni halali kabisa kumlipa chini ya mwanaume aliyekaa mashine ya pembeni. Akiolewa anaruhusiwa kuchagua kulipa mchango mdogo wa bima ya taifa, na mwajiri au mume anamwambia chagua huo utabakiwa na hela mkononi, utategemea pensheni ya mumeo, hilo mpaka 1977. Akizaa anarudi kazini nusu siku, na wafanyakazi wa nusu siku wengi hawakuingizwa kwenye pensheni za waajiri mpaka kesi za miaka ya tisini. Usawa ulichelewa kwenye mshahara, ukachelewa kwenye mfuko wa mwajiri, ukafika umekamilika kwenye umri wa kungoja. Taasisi ya utafiti ya IFS iliangalia 2017 ikakuta umaskini wa kipato kwa wanawake wa miaka 60 hadi 62 umepanda kwa pointi 6.4 za asilimia kwa sababu ya kusogezwa huku, wakati huohuo serikali ilikuwa inaokoa pauni bilioni 5.1 kwa mwaka. Zile hela zilitoka mahali, na mahali penyewe ni kwenye magoti kama ya yule mama.

Wabongo mnaosoma hii nadhani mmeshakumbuka kikotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu Tanzania. Mwaka 2018 kanuni mpya zikaja mkupuo, yaani ile hela anayopewa mstaafu kwa mara moja, uwe asilimia 25, watumishi wakalia, Rais Magufuli akazisimamisha Desemba hiyohiyo, 2022 ikaja 33, 2024 ikapandishwa 40 kwa waliokuwa wanapata 50 zamani. Kule ni kiwango, huku ni umri, lakini maumivu yanafanana kwa sababu mwalimu wa Singida alishajenga msingi wa nyumba kwa hesabu ya 50, mabati yalikuwa yanasubiri mkupuo.

Na sisi wa huku tusijidanganye kwamba haya ni ya Waingereza. Kuanzia Aprili 2026 umri umeanza kutoka 66 kwenda 67, utafika 2028. Waliozaliwa baada ya Aprili 1978, sheria ya sasa inawapeleka 68. Ili upate chochote unahitaji miaka 10 ya michango, ili upate kamili ni 35, na sisi wengi tulifika hapa tukiwa na 30 na kitu, wengine michango ina mashimo kwa sababu ya miaka ya kungoja makaratasi. Na kuna hili ambalo watu hawaambiani: ukistaafu ukarudi kuishi Tanzania au Kenya, pensheni yako ya Uingereza inagandishwa kwa kiwango ulichoondoka nacho, nyongeza ya kila mwaka huipati, ukifikisha 85 Tanga bado unalipwa kiasi kilekile cha siku uliyopanda ndege. Nimewauliza wenzangu wa kwenye shifti, wa kutoka Mombasa, Dar, Bujumbura, karibu wote wanajenga nyumbani na karibu wote hawakulijua hili. Nao ukiwauliza kama wamesikia umri wa pensheni unapanda, watasema ndio, asilimia 90 watasema ndio.

Yule mama alimaliza Septemba 2019, keki tukakatia kwenye chumba cha chai kati ya saa nane na saa nane na robo maana kulikuwa na mtu wa kugeuzwa. Goti alishaandikiwa upasuaji. Miezi sita baadaye ikaja korona, na akarudi. Alirudi mwenyewe, kwa hiari, kwa kuwa tulikuwa hatutoshi na anawajua wale wazee kwa majina. Jibu la Januari lilipotoka nilimpigia, nilidhani nitamkuta analia au amekasirika, nikamkuta anamenya viazi, nasikia kisu, akanisikiliza mpaka mwisho, alafu akaniuliza mimi tarehe yangu ni lini na kama nimeiona kwa maandishi.